Gawio la marehemu baba lilivyopatikana

Sanduku la posta la baba lilifungwa mwaka aliofariki, nasi hatukufikiria kumwarifu yeyote. Kumbe alikuwa na hisa, na barua za gawio (sehemu ya faida anayolipwa mwenye hisa) zikawa zinarudi zilikotoka. Nilikiona cheti cha hisa chini ya kabati, ndani ya bahasha ya kaki iliyoliwa na mende pembeni. Kampuni ikanijibu kwa mkato: pesa zimeshapelekwa serikalini.

Hapa Kenya, sheria ya 2011 inataka pesa zilizokaa bila mwenyewe zikabidhiwe mamlaka iitwayo UFAA. Nikapiga *361#, nikaingiza nambari ya kitambulisho cha baba. Nikatafuta na kwa jina lililo humo. Hakuna kitu. Nusura nikate tamaa, mama akauliza, "Umetafuta kwa jina lipi, mwanangu?" Kwenye kitambulisho ni Mohamed; kwenye cheti, Muhammad. Hisa alinunua zamani, karani akaandika alivyosikia. Nilipotafuta kwa jina la cheti, likatokea.

Kilichonichosha ni makaratasi. Fomu yenyewe ni bure (ukiombwa "ada ya kuharakisha", huyo ni tapeli). Lakini kwa mali ya marehemu lazima uonyeshe hati ya mirathi, nasi yetu tuliifuata kwa Kadhi. Kuhusu majina mawili, wakili alituandalia kiapo kwamba ni mtu mmoja, akagonga muhuri na kwenye nakala za vitambulisho.

Ilichukua miezi. Pesa ziliingia benki siku ya Ijumaa. Si nyingi, ila paa la jikoni halivuji tena.