Kabla sijapendekeza kitabu, nauliza nani atakisoma kwa sauti

Februari 2023, Waziri wa Elimu wa Tanzania, Profesa Adolf Mkenda, alipotangaza kwamba vitabu 16 vya watoto haviruhusiwi tena mashuleni, simu yangu haikupumzika. Ndugu zangu wananijua kwa kupenda vitabu. Baadhi yao walikuwa wamekagua mabegi ya watoto usiku uleule, na wote walitaka kitu kimoja: orodha. "Sasa tuwanunulie nini? Tutajie tu."

Orodha ningeweza kuiandika kwa nusu saa. Ila nilishaona mara nyingi orodha za namna hiyo zinavyoishia: vitabu viwili vinanunuliwa kwa moto wa siku ya kwanza, vinapangwa kwenye kabati la sebuleni karibu na vikombe vya wageni, basi. Watoto wanaendelea na katuni. Nikaamua kila anayeniuliza nitamwuliza na mimi kwanza: nyumbani kwenu, saa moja hadi saa tatu usiku, nani yuko na watoto? Kitabu changu nitakitafuta kwa ajili ya mtu huyo. Umri wa mtoto, darasa lake, anachokipenda, hayo yatafuata.

Nyumba iliyonifundisha zaidi ni ya kaka yangu, Kibaha. Yeye na wifi yangu wanafanya kazi mjini. Wanaondoka alfajiri, na kwa foleni ya Barabara ya Morogoro wanarudi mdogo ameshalala na mkubwa anasinzia juu ya daftari. Anayewalisha, anayewaogesha na kuwasimamia kazi za shule ni dada wa kazi, binti aliyemaliza darasa la saba, mwenye sauti nzuri na Kiswahili kilichonyooka. Vitabu vyote vya nyumba ile vilikuwa vya Kiingereza, vizuri kabisa, vyenye karatasi za kung'aa. Dada hakuvigusa, maana kila akijaribu watoto walikuwa wanamsahihisha matamshi.

Nilipomwambia wifi kwamba nataka kuanza na vitabu vya Kiswahili, alishtuka. "Wifi, shuleni kwao masomo yote ni kwa Kiingereza. Kiswahili si wanakiongea tu?"

Nikamwita mkubwa, wa miaka tisa, nikampa kipande cha gazeti asome. Alisoma kila neno kana kwamba ni la Kiingereza. Penye "ng'ombe" alisimama. Penye "wanachokitafuta" akaniangalia usoni akingoja nimsaidie, wakati neno hilohilo analitumia kila siku anapoongea. Wifi alinyamaza. Lakini nilimwambia, na naamini hivyo, kwamba hili ni tatizo dogo kwa lugha yetu. Kiswahili kinaandikwa kama kinavyotamkwa. Mtoto anayejua herufi na kuongea lugha yenyewe hahitaji mwaka mzima. Anahitaji mtu wa kusoma naye kila siku kidogo kidogo, na mtu huyo tayari anaishi naye.

Sikwenda dukani kwanza. Nilianza na African Storybook, maktaba ya mtandaoni iliyoanzishwa mwaka 2014 na taasisi ya Saide ya Afrika Kusini. Ina hadithi fupi za picha kwa lugha nyingi za Afrika, Kiswahili kikiwemo, na leseni yake inaruhusu mtu kupakua na kuchapa bure. Hadithi zimepangwa kwa ngazi, kuanzia zile zenye neno moja moja chini ya picha, kupanda hadi zile ndefu za kusomewa na mkubwa. Ngazi hizo nazifuata kwa uaminifu, kwa sababu mzazi akiona mtoto ana miaka tisa hukimbilia kitabu kinene, na mtoto anaonja kushindwa mapema.

Jambo moja kuhusu hadithi hizo: nyingi zimetafsiriwa, na tafsiri hazilingani. Kwa hiyo kila hadithi naisoma kwa sauti kabla ya kuichapa. Ulimi ukijikwaa kwenye sentensi mara ya pili, naiacha hata kama picha zake zinavutia. Sikio la mtoto linajua Kiswahili kibaya kabla hajaweza kueleza ubaya uko wapi.

Zilizofaulu mtihani huo nilizipeleka steshenari. Karatasi za A4 zikunjwe katikati, kurasa zipangwe zifuatane, pini mbili kwenye mkunjo, na jalada la karatasi ngumu ili kisiharibike mikononi mwa mdogo. Rangi ni ghali, nikachapa nyeusi na nyeupe, nikawapelekea na penseli za rangi. Hapo nikapata faida ambayo sikuitegemea: ili upake rangi nguo ya mhusika, inabidi ujue huyo ni nani. Mdogo, ambaye hajui kusoma, akawa anamlazimisha dada arudie ukurasa ili ahakikishe kama aliyebeba kuni ni bibi au ni mama.

Mkubwa alipozoea nikampa Marimba ya Majaliwa ya marehemu Edwin Semzaba, riwaya ya watoto iliyotoka mwaka 2008. Semzaba alikuwa mtu wa tamthilia, na ukiisoma riwaya hii kwa sauti unalisikia hilo kwenye mazungumzo. Ndani yake kuna kijana, muziki na safari inayoizunguka Tanzania. Mtoto wa kaka alichukua ramani ya ukutani akawa anafuata. Nilipenda kwamba mtoto wa Kitanzania amepewa nafasi ya kuhangaika na kutafuta njia mwenyewe, badala ya kukaa pembeni akipewa nasaha na wazee.

Baadaye nikapeleka Mwana Mdogo wa Mfalme, tafsiri iliyochapishwa na Mkuki na Nyota ya kile kitabu cha Antoine de Saint-Exupéry kuhusu rubani aliyeanguka jangwani akakutana na mvulana kutoka sayari ndogo. Nilidhani kitawafaa watoto. Aliyekishika kweli alikuwa dada. Wifi aliniambia kwamba alimkuta jikoni usiku, vyombo vimeshaoshwa, anasoma peke yake habari za yule mbweha anayeomba afugwe. Kesho yake dada mwenyewe aliniuliza kama mwandishi ana vingine. Tangu hapo nikiwaletea watoto kitabu, naleta na kimoja cha kwake. Huyu ni msomaji wa nyumba ile sawa na wengine, na ndiye anayeamua kama watoto watasoma leo au hawatasoma.

Nyumba ya pili ni ya dada yangu, Tanga, na huko shida ilikuwa tofauti. Mwanawe alirudia kidato cha pili. Alikuwa mtoto wa maneno mengi, akawa hazungumzi mezani. Dada alinipigia: "Mdogo wangu, nitafutie kitabu cha kumtia moyo huyu mtoto."

Hadithi za kutia moyo nazipenda, na kwa sababu hiyo nazichagua kwa ukali. Ziko nyingi ambazo mtoto anateseka kurasa tisini, halafu ukurasa wa mwisho anatokea mfadhili, analipa ada, mtoto anakuwa daktari. Kijana aliyerudia darasa anajua hakuna mfadhili anayekuja. Akisoma hivyo anafunga kitabu akiwa mpweke kuliko alivyokifungua. Ninachotafuta ni hadithi ambayo tumaini lake limelipiwa humohumo ndani, kwa kitu alichokifanya mhusika mwenyewe, na ambayo inakubali kwamba mengine hayatarudi.

Nikampa Siku Njema ya Ken Walibora. Najua si kitabu kipya. Kilitoka mwaka 1996, na mwandishi alifariki Aprili 2020. Lakini kwa mtu ambaye hajakisoma ni kipya, na Kenya kizazi kizima kimekua nacho wakati huku kwetu vijana wengi hawajakisikia. Kinaanzia Tanga, mji ambao mpwa wangu anaujua kwa miguu yake. Kongowea anafiwa na mama yake, mwimbaji wa taarabu, anabaki akidhihakiwa kwa kutomjua baba, kisha anafunga safari kwenda Kenya kumtafuta. Elimu na kipaji chake cha lugha vinamsaidia, ila havimfutii msiba.

Dada alisita. Alisikia kwamba mhusika alizaliwa nje ya ndoa, akaniuliza kama kitabu kina maadili. Sikubishana naye. Nilimwomba akisome yeye kwanza, na mtoto asubiri. Alikimaliza kabla ya wiki kuisha, akampa mwanawe kwa mkono wake. Wakawa na kitu cha kuzungumza kisichokuwa matokeo ya mtihani. Mpwa wangu aliponipigia, neno lake la kwanza lilikuwa: "Mama mdogo, yule mtoto kwa nini hakumwambia mtu?" Tulikaa kwenye swali hilo muda mrefu, na sikumgeuzia kibao kumwuliza habari zake. Alizileta mwenyewe, polepole.

Hapo nilijifunza jambo ambalo sasa nawaambia wazazi wote. Shuleni kila hadithi inafungwa kwa swali la "hadithi hii inatufundisha nini", na watoto wamezoea kujibu: tusiwe wachoyo, tuwatii wazazi. Nyumbani swali hilo nimeliacha. Nauliza: nani alikukera? Wapi ungefanya tofauti? Ukurasa gani uliurudia? Majibu yanakuja yenyewe, na hayafanani.

Watu wananiuliza pia habari za dini. Ukoo wetu una Waislamu na Wakristo, na kwenye mazishi na harusi tunakaa jamvi moja. Anayetaka kitabu cha imani yake nampatia kwa furaha. Lakini kitabu kitakachozunguka nyumba zote natafuta ambacho mema yake yanaonekana kwenye matendo, ili kila nyumba ikisome bila kuruka kurasa.

Vipya navipataje? Naangalia tuzo. Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu ilitolewa mara ya kwanza Aprili 2023, na baadaye wakaongeza kipengele cha hadithi za watoto. Muswada unaoshinda unachapishwa, kwa hiyo ni chanzo cha vitabu ambavyo babu na shangazi hawakuvisoma. Kwa tafsiri namfuatilia Ida Hadjivayanis, Mzanzibari anayefundisha chuo kikuu cha SOAS, London. Alisi Ndani ya Nchi ya Ajabu yake ya mwaka 2015 naipendekeza kwa watoto waliokwisha kuzoea kusoma, kwa maana inacheza na maneno mno; kwa anayeanza itamchosha. Nikiwa Posta, Dar es Salaam, naingia duka la vitabu la TPH Bookshop, mtaa wa Samora. Nafungua kitabu katikati, nasoma ukurasa mmoja kwa sauti ya chini, naangalia kama picha iko upande uleule na maneno yake, navuta kidogo kurasa kuona kama gundi itashika. Asiye na hela ya kununua namwelekeza Maktaba Kuu, barabara ya Bibi Titi Mohamed, kwenye sehemu ya watoto. Wazazi wengi wanapita pale nje kila siku bila kujua kwamba ipo.

Kimoja kimoja ndiyo kanuni yangu. Naazima kitabu kimoja, kikirudi ndipo natoa kingine, na kinaporudi nakaa na aliyekisoma tukakizungumza. Ndugu mmoja alilalamika kwamba nawacheleweshea watoto. Nikamwambia nipo tayari kumpa vitano siku atakaponieleza kimoja kilihusu nini.

Kwa sasa nashughulika na nyumba ya bibi, Muheza. Macho yake hayamruhusu kusoma, ila masikio yako safi na wajukuu watatu wanalala kwake. Aliomba riwaya ya Utubora Mkulima ya Shaaban Robert, na sikushangaa, kwani mwandishi huyo kwake ni mtu wa kwao. Wajukuu wanapokezana kurasa kumsomea. Maneno ya zamani yanawasumbua, bibi anawafasiria, na pale Utubora anapoacha kazi ya mshahara mjini kwenda kulima Busutamu walibishana hadi taa ikazimwa: mkubwa anasema huyo hana akili, bibi anasema ndiye pekee mwenye nayo. Mjomba ameniagiza kinachofuata kiwe cha msichana mhusika mkuu, kwa sababu wajukuu wawili kati ya hao ni wasichana na wameanza kudai. Jumamosi naenda Samora kuangalia.