Bosi na umri wa ubishi

Mbwa wangu Bosi ametimiza miezi tisa, na amri alizokuwa amezishika vizuri akiwa mdogo amezitia kapuni. Nikimwambia "kaa", sikio moja linageuka kwangu, pua inabaki chini kunusa. Kusikia anasikia.

Mbwa huanza kubalehe karibu na miezi sita, na wa umbo kubwa huweza kuchelewa kutulia hadi miaka miwili. Mwaka 2020 watafiti wa Chuo Kikuu cha Newcastle, Uingereza, walionyesha kwamba mbwa wa miezi minane humtii mlezi wake kwa shida kuliko alipokuwa na miezi mitano, ilhali akiamriwa na mgeni anatii. Basi nimeacha kuona kama ananidharau.

Kazi kubwa sasa ni kutembea naye kwa kamba. Kanuni ni moja: ikikaza, nasimama. Simfokei wala simvuti. Anavuta zaidi, anabweka, anaitafuna, ananizunguka. Mwishowe anarudi hatua moja kuja kuona kulikoni, kamba inalegea, na papo hapo kipande cha nyama kinashuka kando ya goti langu. Papo hapo ni sekunde moja au mbili. Ukichelewa atakuwa keshafanya jingine, nawe utakuwa umelilipa hilo jingine. Kufika kwenye kona tu ni safari.

Kwenye kurukia wageni, ugomvi si na Bosi, ni na watu. Mimi namgeuzia mgongo mpaka miguu yote minne iwe chini. Mdogo wangu anamkumbatia, "leo tu". Hiyo leo tu ndiyo inayoniharibia kazi, maana tabia inayolipwa mara mojamoja ndiyo ngumu kufa. Tulipokubaliana wote kumpuuza, kwanza alizidisha: akaruka juu zaidi, akaongeza kubweka. Ukilegeza hapo, umemfundisha kelele.

Kumpiga simpigi. Mbwa aliyechelewa kuja, akachapwa alipofika, amechapwa kwa kuja. Nje namfunga kamba ya mita kumi, naita mara moja. Asipokuja naikusanya taratibu mpaka anifikie, kisha namsifu vilevile.

Hali ilivyo: ndani anakaa akiambiwa, nje bado. Kamba inalegea mradi hakuna mbwa mwingine karibu. Wageni wanapokewa kwa adabu, isipokuwa mdogo wangu, ambaye naye yumo mafunzoni. Kinachofuata ni kukaa mbele ya geti lililo wazi.