Ukitazama mafuvu ya rangi ya maji, anza na karatasi

Mbele ya picha ya mafuvu, jicho hukimbilia yale matundu meusi ya macho. Yaache kwanza. Kwenye rangi ya maji, anza pale pasipopakwa kitu, maana weupe wa mfupa kwa kawaida ni karatasi yenyewe iliyoachwa wazi.

Mfano mzuri ni mafuvu matatu ya mchoraji Mfaransa Paul Cézanne yaliyoko Art Institute of Chicago, jumba la sanaa huko Marekani, kazi ya kati ya 1902 na 1906, mwaka aliofariki. Ni penseli na rangi ya maji, pamoja na gwashi kidogo, ile rangi nzito isiyopitisha mwanga. Karatasi yake si nyeupe pepe, ni ya rangi ya pembe ya ndovu. Wengi wanaoinakili hupaka kwanza manjano hafifu juu ya karatasi nyeupe, kisha wanashangaa mfupa umefifia.

Sasa nenda kwenye kingo. Tone la rangi hukauka haraka zaidi pembeni, maji yakavuta chembe za rangi kuelekea huko, na ukingo ukabaki na mstari mkali, mweusi kuliko katikati. Ukiona mistari hiyo imepandana, hesabu: kila mmoja ni tabaka lililosubiriwa likauke. Ukingo unaoyeyuka taratibu unakwambia brashi ilirudi karatasi ikiwa bado mbichi.

Hapo ndipo urudi kwenye matundu. Giza la Cézanne limejengwa kwa bluu, zambarau na kijani vikipandana, kila rangi ikipitisha ile ya chini. Anayeiga kwa papara husugua tabaka la chini, gundi inayoshikilia rangi inayeyuka tena, rangi zinachanganyika kuwa tope. Ukipenda kuchora hivi, mipako mitatu minne miepesi inatosha.

Penseli nayo isikupite. Iliyo chini ya rangi imetulia. Iliyopita juu ya rangi iliyokauka humetameta ukiitazama kwa ubavu. Kwenye skrini hutaona hilo, hata ukikuza namna gani.

Mwisho, pima umbo. Fuvu lenye taya zote lina macho karibu katikati ya kimo. Likikosa taya ya chini, macho hushuka chini ya nusu, na fuvu likiegemea meno ya juu na kisogo, uso huinuka kidogo. Wachoraji wengi hukosea hapo, wakaishia kuchora kinyago.