Ni hiyo tu?

Leo ni Jumatano na bado naskia huyo mama. Nikipiga mswaki, ni hiyo tu. Nikiwa kwa matatu, ni hiyo tu. Jana kwa cyber bosi alinipatia programu ya mazishi nipige kopi arobaini, nikapiga kumi na nne nikasimama hapo na karatasi mkononi nikiangalia ukuta, mteja akaniuliza kama namjua marehemu.

Wacha nianze mahali inaanzia. Ile shoo ya rap nimewasumbua nayo hapa tangu Mei, ilifanyika. Jumamosi. Haikunyesha, OCS, mkubwa wa polisi wa mtaa, hakututumia mtu, sista alijifungua Ijumaa usiku, msichana, kilo tatu, wote wako sawa, na emsii mmoja tu ndio alizima simu. Waliolipa ni 63, soo mbili karibu kila mtu, hiyo ni kama 12,600. Hall 4,000, spika 7,000, wasee wawili wa mlango 1,500, flaya 600 (bosi asisome hii, karatasi nyingine ilikuwa ya duka), maemsii saba nauli soo mbili kila mmoja. Piga hesabu mwenyewe. Nimeingia hasara ya kama 1,900 na wallahi siyo hiyo inaniuma, kwa sababu shoo ya kwanza hasara ilikuwa elfu sita na spika moja haikurudi.

Yule DJ wetu, mnamjua, ananiambia niwache kulia. Yeye ni wa Dandora ya enzi za Kalamashaka, lile kundi la rap, na akianza stori za WAPI, zile shoo za hip-hop pale Sarakasi Dome, Ngara, jengo lilikuwa la sinema kabla ya hapo, hanyamazi mpaka umnunulie chai. Anasema siku hizo kabla ya M-Pesa ije 2007 doo yote ya geti ilikuwa cash, inabebwa kwa mfuko wa unga, na promota analala ameikumbatia. Sisi tuna tili namba na bado tunalia.

Sasa huyo mama. Alikuja saa kumi na moja na nusu, sweta ya kijani, leso juu ya sweta, paper bag ya sukuma mkononi, akasimama kwa laini katikati ya vijana wa hudi. Kufika kwangu akatoa noti mbili za mia, zimekunjwa kunjwa zikawa ndogo kama tembe, nikazichukua. Sikujua ni mamake emsii wangu mmoja, yule dogo wa Kariobangi. Dogo mwenyewe hakuniambia, na nilikuwa nimewaambia wote kila emsii aingize mtu mmoja bure! Akaenda akaketi laini ya pili, sukuma kwa mapaja.

Baada ya shoo niko kwa mlango nahesabu viti vya kurudisha, akanijia.

"Kijana, wewe ndiye mwenye hii kazi?"

"Eeh mama, ni mimi."

"Asante kwa kumpatia mwanangu nafasi."

Hapo ndio nikajua. Nikamwambia mama usijali, huyo kijana wako ni moto.

"Kuna mahali alimtaja babake."

"Eeh, hapo aliua mama. Aliua kabisa."

Nilisema hivyo. Kwa mjane. Akanyamaza kidogo, mimi hata sijashtuka, naendelea kutabasamu kama mtu wa posta ya kampeni.

"Alisema nini? Hizo spika zilikuwa zinanguruma, sikushika maneno. Nilisikia tu baba, halafu nikaona watu wameinua mikono."

Hapo ningemwambia ukweli. Mama, sikuskia, nilikuwa kwa geti. Maneno matano tu, nimeyahesabu. Lakini unamwambiaje mtu amekulipa soo mbili ati wewe mwenye shoo hukuskia shoo? Nikasema, "Alisema... vile anamkumbuka. Vile alikuwa mtu poa."

Akaniangalia.

"Ni hiyo tu?"

"Eeh, na... na vitu zingine hivi."

"Haya. Mungu akubariki." Akabeba sukuma yake akaenda stejini kumtafuta kijana.

Hakuwa amekasirika, hiyo ndio shida. Angekasirika ningekuwa nimelala. Aliuliza vile mtu anauliza dukani kama mkate umebaki, ukimwambia imeisha anaenda. Na mimi niliingia hii maneno kwa sababu ya maskio tu, siwezi kurap, mnakumbuka nilivyojaribu, nilikuwa ule msee anasimama mbele anashika kila mstari na kesho yake anawasomea watu kwa stage. Sasa mtu akiniuliza Jumamosi ilikuwa aje nitakwambia ilikuwa 63.

Jumapili nikampigia dogo, nikamuuliza kwa upole hiyo mistari ya babako umeandika mahali? Akacheka. "Hapana bro, hiyo niliitoa tu kichwani, biti ilikuwa inanipeleka." Haikumbuki. Mamake ameshamuuliza, pia yeye alimwambia ni vile tu anamkumbuka. Kumbe tumempatia jibu moja.

Basi jana usiku ndio kukatokea kitu. Msee mmoja wa mlango akanitumia vidio, alikuwa anarekodi kinachoendelea ndani, dakika mbili na kitu, amesimama karibu na mimi kwa geti. Picha ni giza na vichwa. Lakini sauti iko! Nikaweka iafoni, bando ikiisha iishe. Dogo anaanza, pole pole, anasema:

"Baba alitoka na koti, koti ikarudi na mtu mwingine..."

Nikasimama. Kwa nyumba, peke yangu, nimesimama. Halafu watu wanapiga kelele, mstari unaofuata unaanza, naskia neno "mfukoni", mfukoni kulikuwa na, na hapo hapo juu ya kila kitu inaingia sauti nyingine nzito kama lori:

"Buda, soo mbili ni soo mbili! Ile ya soo ulikuwa ukuje mapema!"

Ni mimi.

Nimebishana na huyo jamaa sekunde hamsini nzima, juu ya soo moja, na chini yangu mtu anamzika babake. Mwishowe hata alipita na soo na hamsini, naskia nikimwambia haya pita lakini usizoee. Mara ya kwanza nilitaka kutupa simu. Ya tatu hivi nikaanza kucheka, nikacheka mpaka jirani akagonga ukuta, kwa sababu ile "usizoee" imeingia sawa sawa na ngoma, ungedhani tulifanya mazoezi.

Nimeandika huo mstari wa koti kwa karatasi. Mama ana kabambe, vidio haiwezi kuingia, na sms naona ni kama kumtumia bili. Dogo amenielekeza kibanda cha mamake kiko upande gani wa soko. Nitapita Jumamosi, nimwambie ule mstari mmoja na ule wa pili sikuupata, na akiniuliza kwa nini nitamwambia kwa nini. Labda kuna kitu mfukoni yeye anajua. Hiyo soo mbili yake pia nimeiweka kando, ingawa sijui kama atakubali au nitamtusi mara ya pili.

Sista amepiga saa hii nikiandika. Anasema macho ya mtoto yako na umanjano kidogo, nesi alimwambia arudi kliniki kesho asubuhi wamcheki, na mathe naye anasisitiza aanikwe kwa jua la asubuhi kwanza. Nimeangalia nje. Hii ni Julai, Nairobi hatujaona jua tangu Jumapili.