Jioni ya Kumkumbuka Robert W. Smith

Jumamosi, 13 Aprili 2024

Tangu shule zilipofunguliwa mwezi Agosti, nyumba yetu imekuwa ikiishi na noti sita za muziki. Kila jioni baada ya chakula, kitinda mimba wangu, binti aliye darasa la sita, hufungua sanduku la klarineti mezani, akatoa kile kipande chembamba cha tete kinachofungwa mdomoni mwa chombo, akakiweka ulimini kukilowesha kama mtu anayemumunya kijiti cha aiskrimu iliyokwisha zamani, kisha akazipuliza noti zake sita kwa kupanda na kushuka, mpaka mke wangu akaanza kuzisikia hata katika mlio wa friji. Jana usiku ndipo tulipoelewa zilikuwa zikielekea wapi.

Bendi za shule za mji wetu huu mdogo, hapa kusini mwa Alabama, zilikusanyika katika ukumbi mmoja kumuenzi Robert W. Smith, mtunzi aliyefariki Septemba 2023 akiwa na umri wa miaka 64. Kwa watu wa huku hakuwa jina la kwenye karatasi tu. Alizaliwa mwaka 1958 na kukulia Daleville, mji mdogo wa jimbo hilihili, akasoma Chuo Kikuu cha Troy, humuhumu jimboni, ambako alipiga tarumbeta katika bendi ya chuo iitwayo Sound of the South, na baada ya miaka mingi ya kazi akarudi palepale kufundisha. Katika ukumbi kulikuwa na wazazi waliowahi kupuliza vipande vyake wakiwa na umri wa watoto wao, nao walikuwa wakitabasamu kabla hata kipande hakijaanza, kwa kuwa walishaujua mwanzo wake.

Mimi sikuwa nikimjua kabla ya mwaka huu, na nakiri kwamba nilipoambiwa marehemu aliacha kazi zilizochapishwa zaidi ya 600, karibu zote za bendi na nyingi kati ya hizo za wanafunzi, nilidhani ni kazi ya kiwandani, kama vile vitabu vya mazoezi ya hesabu. Dhana hiyo ilivunjwa na mwalimu wa bendi, siku aliyonionyesha ukurasa wake wa kuongozea, ule wenye sehemu za vyombo vyote kwa pamoja, na kunieleza masharti anayofanyia kazi mtu anayewaandikia wanaoanza.

Wachapishaji huvipanga vipande vya bendi kwa ngazi, aghalabu kutoka 1 hadi 6, na anayeandika kwa ajili ya ngazi ya kwanza hupewa kiasi cha noti sita, zilezile zinazosikika jikoni kwangu, pamoja na midundo ambayo mtoto anaweza kuihesabu kwa mguu. Klarineti ina mpaka mgumu katikati ya sauti zake: ili kuvuka kwenda juu, mpulizaji ambaye vidole vyake vilikuwa karibu vyote hewani hana budi kuziba matundu kwa mkupuo mmoja, na tundu moja tu likipitisha hewa chombo hulia kama bata aliyekanyagwa. Basi mtunzi hubaki chini ya mpaka huo. Honi, ile ya shaba iliyoviringishwa, ambayo humtesa sana mwanafunzi mpya, huandikiwa noti zilezile za saksafoni ili isipotee. Tuba na tromboni, vyombo vya shaba vya sauti nzito, hutembea pamoja, kwa kuwa iko shule yenye tromboni nne na isiyo na tuba hata moja. Na kwa kuwa wavulana wote wanataka kupiga ngoma, lazima watafutiwe kazi, huyu matoazi, yule kengele, mwingine ngoma kuu, asiwepo wa kusimama bure akaanza utundu. Baada ya kuyatimiza yote hayo, ndipo mtu aanze kutafuta muziki.

Nilipokuwa nikimsikiliza, nilikumbuka bendi ya shule yetu ya msingi Mombasa. Tulikuwa na ngoma tatu, tarumbeta mbili zilizobonyea, na mwalimu aliyetufundisha kwa kuimba kwa mdomo, nasi tukaiga. Pwani yetu haikuwa ngeni kwa mambo haya, maana vikundi vya beni vilikuwa vikiiga bendi za wanajeshi huko Lamu na Mombasa kabla babu zetu hawajapata ndevu, tena kwa ushindani na mbwembwe zilizoutikisa mji. Lakini kila tulichopiga sisi kiliandikwa kwa ajili ya wengine: askari, kanisa, sherehe za serikali. Tulikikata kikatutosha, kama suruali ya kaka mkubwa. Haikunijia kamwe kwamba yuko mtu mzima, aliyesomea kazi hiyo, angeweza kukaa chini akajiuliza mtoto wa miaka kumi na mmoja anaweza nini leo, na amwandikie hicho.

Smith alikuta njia hiyo imekwisha kufyekwa. Huko Troy mwalimu wake wa utunzi alikuwa Paul Yoder, ambaye naye aliziandikia bendi za shule maisha yake yote, na alipokwenda Chuo Kikuu cha Miami kwa shahada ya pili alisoma kwa Alfred Reed, ambaye bendi za huku humtaja kwa heshima kubwa. Pwani tungesema alipokea kijiti kutoka kwa wazee wa kazi.

Wadogo ndio waliofungua, kwa kipande kiitwacho The Tempest, yaani dhoruba, ambacho bendi nyingi za wanaoanza hukipitia. Ngoma ziliunguruma, klarineti zikaingia chini, nzito, na kwa muda mfupi watoto sitini, ambao wiki iliyopita niliwaona wakipigana kwa mabegi nje ya kantini, walitoa sauti ya kutisha kwelikweli. Katikati, kutoka safu ya binti yangu, bata akakanyagwa. Nilimwona mabega yakimpanda mpaka masikioni. Lakini kipande kile kimejengwa kwa namna ambayo wenzake kumi na wawili walikuwa wameishika noti ileile, hivyo sauti haikutoboka, naye akashusha mabega, akavuta pumzi na kuingia tena mstari uliofuata. Nadhani hapo ndipo penye ufundi wa mtunzi wa namna hii: makosa ya mtoto aliyapigia hesabu kabla mtoto mwenyewe hajazaliwa.

Darasa la saba na la nane walicheza The Great Locomotive Chase, kinachosimulia kisa cha tarehe 12 Aprili 1862, wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, ambapo watu wa upande wa Kaskazini waliiba garimoshi liitwalo The General pale Big Shanty, Georgia, huku abiria na wafanyakazi wakiwa kwenye kifungua kinywa, na kondakta wa treni hiyo, William Fuller, akaanza kulifukuza kwa miguu. Kwa miguu! Sijui kama mwalimu alikusudia, lakini jana ilikuwa tarehe hiyohiyo. Ngoma ndogo ilianza polepole kama magurudumu yanayojivuta, ikaongeza kasi, na wapiga tarumbeta wawili wa mwisho wakaachwa kituoni, wakalikamata garimoshi mbele kidogo.

Kisha wakaja vijana wa sekondari, na hapo nilikaa vibaya kitini, kwa sababu kipande chenyewe kinaitwa Africa: Ceremony, Song and Ritual. Afrika ipi? Mama aliyekaa kando yangu, mtu mwema, alinigeukia akaniuliza kwa sauti ya chini kama ndivyo inavyosikika nyumbani. Nilimjibu kwamba ngoma hizo ni za Afrika Magharibi, na kwamba kutoka Lagos hadi Mombasa ni zaidi ya kilomita 4,000. Kwetu angesikia taarabu na chakacha, na maneno ya kuzisifia angeyatafuta mwenyewe. Bado naona jina lile ni pana mno, kama kuandika kipande cha nyimbo za Wagiriki ukakiita Ulaya. Hata hivyo haki lazima itendeke: kwa mara ya kwanza usiku huo wapiga ngoma walitolewa nyuma wakaletwa mbele ya jukwaa, wakawa wao ndio wanaoongoza na vyombo vya shaba vikiwafuata, na kijana mmoja mrefu, aliyezoea kusubiri mistari thelathini ili agonge toazi mara moja, alipiga huku amefumba macho. Miguu yangu ilinisaliti. Yule mama aliiona, akanyamaza kwa adabu.

Hotuba zilikuwa mbili, fupi. Mwalimu mmoja mstaafu alipanda, akatazama karatasi yake, akaikunja, akasema kwamba angependa tusikie muziki badala yake, kisha akashuka. Wakamalizia na Encanto, kipande chake kingine, bendi zote, kubwa na ndogo, zikiwa zimepangwa mpaka kwenye vijia vya ukumbi, nami nikawa na tromboni karibu na sikio langu la kushoto, jambo ambalo bado linanisumbua ninapoandika haya.

Leo asubuhi binti yangu alikuwa sakafuni na kifutio, kwa kuwa karatasi za muziki ni mali ya shule na hurudishwa Jumatatu zikiwa safi. Sehemu yake ya The Tempest imepita mikononi mwa wengi. Chini ya penseli yake zinaonekana alama hafifu za waliomtangulia, duara kwenye noti iliyowatoroka, mshale, uso uliokasirika. Alifuta vyake kimoja kimoja mpaka akafika mstari wa pili, mahali ambapo juu ya kialama cha pumzi, kile kinachofanana na mkato, alikuwa ameandika kwa herufi kubwa neno la Kiswahili, ambalo mimi ndiye niliyemtajia siku moja jikoni: PUMUA.

“Baba, atakayeipata mwakani hataelewa.”

“Alama yenyewe si iko hapo chini yake? Ataelewa.”

Alilitazama kidogo, akapuliza vumbi la kifutio, akaigeuza karatasi bila kulifuta.