Grupoidi ya grafu niliielewa kwa karatasi ya risiti

Kila niliyemuuliza kuhusu grupoidi ya grafu, yaani namna ya kuzidisha njia za kwenye grafu, alinijibu lile lile: kasome kwanza aljebra za C* (zile zinazojengwa kwa limiti), uimalize topolojia, halafu ndiyo urudi kwenye grafu. Mhadhiri mmoja alinikata kabisa. "Mwalimu, hii si kazi ya jioni." Mimi nafundisha hesabu sekondari huku Kisauni, Mombasa, na jioni ndiyo saa pekee niliyo nayo. Nilianza na grafu yenyewe, na mpaka leo nashikilia kwamba hapo ndipo mtu angefaa kuanzia.

Grafu hapa ni vipeo (nukta) na mishale ya kutoka kipeo hadi kipeo. Kila mshale e unapewa mwenzake wa kurudi, e*. Kanuni zinazobeba mzigo ni mbili. Ya kwanza, e*e ni kipeo ambako e unaishia, na e*f ni sifuri kama e na f ni mishale tofauti. Ya pili, ukijumlisha ee* kwa mishale yote inayotoka kwenye kipeo v unapata v, mradi mishale hiyo iwepo na ihesabike ikaisha. Hiyo ndiyo aljebra ya njia ya Leavitt. Abrams na Aranda Pino waliitoa mwaka 2005, na Ara, Moreno na Pardo wakaifikia kivyao. Fildi yoyote, yaani namba zozote unazoweza kujumlisha, kutoa, kuzidisha na kugawanya, inatosha, na hakuna limiti hata moja ya kukokotoa. Sasa niambie C* ilihitajika wapi?

Kokotoa kwa mkono, usisome tu. Vipeo vitatu kwenye mstari vinakupa matriksi za 3 kwa 3. Kipeo kimoja chenye mshale unaojirudia kinakupa polinomi za Laurent, zile zinazoruhusu hata 1/x. Kipeo kimoja chenye mishale miwili a na b ndicho kilichoninyima usingizi: a*a = b*b = 1, a*b = 0, aa* + bb* = 1. Ukizipanga vizuri unaona aljebra hii, ikichukuliwa kama moduli (kama nafasi ya vekta, ila vizidishi vinatoka kwenye aljebra yenyewe), ni sawa na nakala zake mbili zilizowekwa pamoja! William Leavitt alionyesha mwaka 1962 kwamba vitu vya namna hii vipo.

Grupoidi sasa. Ni kama kundi la kihesabu, ambamo unazidisha na kila kitu kina kinyume chake, ila hapa si kila vitu viwili vinakubali kuzidishwa. Ile ya grafu ina vitatu (x, k, y): x na y ni njia, yaani mishale inayofuatana, zisizo na mwisho au zinazoishia kwenye kipeo kisicho na pa kutokea, ukikata hatua m mwanzoni mwa x na n mwanzoni mwa y mikia inabaki sawa, na k ni m toa n. Kuzidisha ni (x, k, y)(y, l, z) = (x, k+l, z). Maneno haya niliyasoma nikayarudia na bado hayakuwa na sura yoyote kichwani.

Basi nikanunua roli ya karatasi ya risiti Mwembe Tayari, sijui kama ilifika hata shilingi mia. Nikakata mikanda mirefu, nikaandika herufi za a na b kwa nafasi sawasawa, mkanda mmoja kwa kila njia. Ukiweka mikanda miwili sambamba na kuusogeza mmoja mpaka mikia ilingane, hatua ulizosogeza ndizo k. Kuzidisha ni kuongeza mkanda wa tatu na kujumlisha misogeo. Tulijaza sakafu ya sebule, mimi na mpwa wangu wa darasa la sita, aliyedhani ni mchezo na akaucheza kwa bidii kuliko mimi.

Yeye ndiye aliyeona jambo lenyewe. Nilimpa mikanda miwili iliyoandikwa aaaa tupu. Akasogeza mara moja, mara mbili, akaniangalia. "Mjomba, hii mbona inakubali kila mahali?" Nikampa ya aabaab: ikakubali kila baada ya hatua tatu. Ile isiyojirudia ilikubali mahali pamoja tu. Hiyo ndiyo isotropi, yaani misogeo inayoulinganisha mkanda na wenyewe, na mtoto ameiona kwa vidole.

Kuanzia hapo mengine yalifunguka. Kwenye grafu ya mshale mmoja njia ni moja tu, aaaa, kwa hiyo grupoidi ni namba kamili zenyewe, na polinomi za Laurent ni aljebra ya kundi hilo. Kwenye ile ya mishale miwili, aaaa bado inakubali kila msogeo, lakini kati ya jirani zake, zile zinazoanza na a nyingi kisha b, zipo zisizolingana tena na zenyewe ukizisogeza. Mzunguko una pa kutokea. Kila mzunguko kuwa na pa kutokea ni moja ya masharti mawili ya aljebra ya njia ya Leavitt kuwa sahili, yaani isiwe na aidili (sehemu ambayo ukiizidisha na chochote hutoki ndani yake) ila sifuri na yenyewe nzima. Sharti hilo nilikuwa nimelikariri tu.

Daraja kati ya aljebra na grupoidi ni kazi ya Benjamin Steinberg ya 2010: mshale e unakuwa fanksheni inayotoa 1 kwenye vitatu vya (ex, 1, x), na sifuri kwingine. Kazi ya Renault ya 1980, na ile ya 1997 ya Kumjian, Pask, Raeburn na Renault, ambazo ndizo za C*, nilizifungua baadaye na zikasomeka.

Ukitaka zoezi, chukua kipeo v chenye mshale e unaojirudia, na mshale f unaotoka v kwenda w, ambako hakuna kutoka. Weka X = e* + f* na Y = e + f. XY inatoka v + w, ambayo ni 1. YX inatoka v peke yake. Fanya kwa kalamu, mstari kwa mstari, halafu kata mikanda ya eee, ya eef na ya f, na mmoja mtupu wa njia ya w isiyo na hatua, uone ni upi uliozuia YX isifike 1.