Alama kwanza, bei baadaye: kumnunulia kijana gongo la besiboli

Kijana akiingia darasa la tisa Marekani na kupata nafasi kwenye timu ya besiboli ya shule, gongo alilochezea mwaka jana kwenye ligi ya watoto huwa halimfai tena, hata kama bado linang'aa. Hapo ndipo mzazi anapojikuta dukani, awe Columbus, Houston au Minneapolis, mbele ya ukuta mzima wa magongo. Moja ni dola 100 na kitu, la pili yake limevuka 400, na kijana ameshalikumbatia lile la 400. Kabla hujatazama bei, ligeuzegeuze hilo gongo utafute alama.

Alama yenyewe ni kijisanduku kilichochapwa kichwani mwa gongo, yaani sehemu nene inayopiga mpira, au pale shingo inapoanza kunenepa, na ndani yake kumeandikwa BBCOR .50. Tangu Januari 1, 2012, kanuni za NFHS, shirikisho linalosimamia michezo ya sekondari, haziruhusu gongo lisilo la mbao kama halina alama hiyo. Vyuo vya NCAA, chama cha michezo ya vyuo vikuu, vilitangulia kwa mwaka mmoja. Muuzaji akikwambia “hili nalo lina alama,” soma ni alama gani. Ile ya USA Baseball ni ya ligi za watoto. Ile ya 1.15 BPF ni ya mashindano ya USSSA, shirika linaloandaa mashindano ya vijana nje ya shule. BESR ni kiwango cha zamani kilichokwisha kuondolewa, na ndiyo inayowanasa watu wengi, maana magongo hayo bado yanauzwa kwa bei ya kutupa kwenye mauzo ya uani na mitandaoni. Mpigaji akiingia uwanjani na gongo lisiloruhusiwa anatolewa, na kocha mkuu anapata adhabu pamoja naye. Kijana wa miaka 14 hastahili kufedheheka hivyo kwa kosa la aliyemnunulia.

Hiyo .50 inapima kitu kimoja: mpira unarudishwa kwa nguvu kiasi gani unapokutana na kichwa cha gongo. Gongo la mbao halibonyei, kwa hiyo mpira ndio unaobonyea, na nguvu nyingi hupotelea humo. Gongo la chuma lina uwazi ndani. Ukuta wake mwembamba unabonyea kidogo, kisha unajirudi na kuusukuma mpira, kama godoro la springi linavyomrusha mtoto. Magongo ya zamani yalikuwa na springi nyingi mno, na aliyekuwa hatarini zaidi ni mrushaji, yaani anayemtupia mpigaji mpira, anayesimama futi 60 na inchi 6 tu kutoka kwa mpigaji, na akishatupa mpira huwa amesogea karibu zaidi. Kiwango cha 0.50 kimeishusha springi hiyo hadi jirani na mbao. (Jiji la New York lilikwenda mbali zaidi: mwaka 2007 lilipiga marufuku magongo ya chuma kwenye mechi za sekondari. Mwenye kijana huko aulize shule kabla ya kutoa hata senti.)

Kwa mnunuzi, maana yake ni kwamba gongo la dola 450 na la dola 150, yote yakiwa na alama, yamefungwa kwenye dari lilelile. La bei kubwa haliruhusiwi kuurusha mpira zaidi ya hapo. Fedha unayoongeza inanunua wepesi wa kulizungusha, mtetemo mdogo mikononi, na eneo pana zaidi la kichwa linalopiga vizuri. Hivyo ni vitu vya kweli, lakini si nguvu, na tangazo lolote linalouza nguvu litazamwe kwa jicho kali.

Sasa vipimo. Kwenye kifundo cha chini, pale mpini unapoishia, utaona namba mbili, mfano 33/30: urefu inchi 33, uzito aunsi 30, yaani kama sentimeta 84 na gramu 850. Sekondari tofauti ya namba hizo isizidi 3, na ndiyo maana utasikia watu wakisema “-3”. Kichwa kisizidi inchi 2 na 5/8 kwa unene, karibu milimita 67, na urefu usivuke inchi 36.

Hiyo -3 ndiyo inayowashtua watoto. Aliyetoka kwenye gongo la inchi 31 lenye -8 alikuwa anazungusha aunsi 23. Urefu uleule kwa -3 ni aunsi 28. Aunsi 5, karibu gramu 140, zimeongezwa ghafla kwenye mikono ambayo bado inakua. Kama kuna muda, mpitishe kwanza kwenye -5 akiwa na miaka 13, ligi yake ikiruhusu. Kama hakuna muda, punguza urefu. Inchi moja pungufu kwenye -3 ni aunsi moja pungufu, na kijana anayemudu gongo la inchi 31 atapiga vizuri kuliko yule anayeburuzwa na la 33. Kosa tunaloliona mara nyingi kuliko yote ni kununua refu “ili alikulie.” Viatu unaweza kununua hivyo, gongo hapana. Atakapolikulia, atakuwa ameshajenga tabia ya kuchelewa na kushusha mabega, na kuiondoa kutachukua msimu mzima.

Kwa kuanzia, kijana wa sentimeta 165 hadi 173 hukaa vizuri na inchi 31 au 32, na anayekaribia sentimeta 180 na 32 au 33. Msimamishe wima, lisimamishe gongo kando ya mguu wake, kichwa chini, mkono umelegea: kifundo kiguse katikati ya kiganja. Kisha mpeleke kwenye kibao cha nyumbani, kile kilicholazwa chini mbele ya mpigaji, ambacho kina upana wa inchi 17, asimame mkao wake wa kupiga. Kichwa cha gongo kiweze kugusa ukingo wa mbali wa kibao bila yeye kukunja kiuno kupita kiasi. Akifika, urefu unatosha.

Kuhusu uzito, wengi humwambia kijana anyooshe mkono mmoja na kulishikilia gongo hewani kwa sekunde 30. Jaribio hilo linapima bega, halipimi mpigo. Mpe mipira 30 kwenye tii, kile kijiti cha kuwekea mpira uliotulia, apige kwa nguvu zake zote, na wewe tazama 10 ya mwisho. Kama anapiga kwa mkono wa kulia na mipira hiyo inaanza kwenda kulia wakati ya mwanzo ilikuwa inanyooka katikati, amechoka na anachelewa. Angalia pia kichwa cha gongo pale anapoanza kulizungusha: kikianguka chini ya mikono, gongo limemshinda.

Hapa kuna jambo ambalo namba za kwenye kifundo hazisemi. Magongo mawili ya 32/29 yanaweza kuhisiwa tofauti kabisa, kwa sababu uzito umekaa pengine. Gramu zilezile zikikaa mara mbili mbali na mikono, ugumu wa kuzizungusha unakuwa mara 4. Kwa hiyo kuna magongo yenye uzito uliosambazwa sawia, na mengine uzito umesukumwa mwisho wa kichwa. Haya ya pili yanamfaa kijana mwenye mwili uliojaa na mpigo wa kasi, ambaye kocha anamtegemea kwa mipira ya mbali. Wengine wote, wachukue lililo sawia. Ukitaka kuhakikisha dukani, lisawazishe juu ya kidole kimoja: kadiri kidole kinavyosogea kuelekea kichwani, ndivyo uzito ulivyo mbele.

Alumini au kompoziti? Kwa mwaka wa kwanza wa sekondari, ushauri wetu ni alumini, na tunausema bila kusita. Aloi ya alumini iko tayari siku unapoitoa dukani na huvumilia baridi. Ikiharibika, kwa kawaida inabonyea au inapasuka ukaona. Kompoziti, iliyofumwa kwa nyuzi za kaboni na gundi ngumu, inahitaji kuzoeshwa: mipigo 150 hadi 200 kwa mipira halisi ya ngozi, ukianza kwa nusu ya nguvu na kulizungusha gongo robo kila baada ya mpigo, ili upande mmoja usitangulie kulegea. Usilipeleke kwenye mashine zinazotupa mipira migumu ya njano yenye vishimo. Na chini ya nyuzijoto 15 hivi, liache kwenye begi, kwa sababu gundi inakakamaa na mpira pia unakuwa mgumu. Msimu wa shule unaanza majira ya kuchipua. Minnesota mwezi wa nne bado watu wamevaa makoti. Fikiria ni mechi ngapi gongo la dola 450 litakaa begini.

Kuna pia suala la vipande. La kipande kimoja ni gumu, na mpira ukigonga karibu na mikono, ganzi inapanda hadi viwikoni. La vipande viwili, mpini na kichwa vikiunganishwa shingoni, linameza sehemu ya mtetemo huo. Kijana anayelalamika mikono inauma ataona tofauti, na yapo magongo yenye mpini wa kompoziti na kichwa cha alumini yanayopatanisha pande zote mbili.

Ukinunua lililotumika, lichunguze kwenye mwanga. Pitisha ukucha taratibu kuzunguka kichwa, hasa pale kinapokutana na kifuniko cha mwisho na pale shingo inapoungana. Mchoro wa rangi ukucha hupita juu yake. Ufa huunasa ukucha. Litikise karibu na sikio: kitu kikicheza ndani, kanuni hazilikubali tena. Angalia kama limebonyea, na kama alama ya BBCOR bado inasomeka, maana ikifutika huna cha kumwonyesha mwamuzi. Uliza kama limewahi kubanwa kwenye rola au kukwanguliwa ndani ili ukuta uwe mwembamba. Gongo lililofanyiwa hivyo ni haramu hata kama alama ipo, na linarudisha hatari ileile kwa mrushaji, ambaye ni mtoto wa mtu. Gongo jipya la bei kubwa likiuzwa kwa theluthi ya bei na muuzaji asiyejulikana, chukulia ni la bandia.

Zawadi kutoka nchi nyingine nazo ziangaliwe. Japani, ambayo imesaidia sana kuupanda mchezo huu Tanzania, ina sheria yake ya sekondari: uzito usipungue gramu 900, na tangu 2024 kichwa kisizidi milimita 64. Ni gongo zuri, la salama, ila bila alama ya BBCOR kijana aliyeko Marekani atalitumia mazoezini tu.

Mpini unatakiwa uwe na utepe wa kushikia unaoanzia kwenye kifundo, usiopungua inchi 10 wala kuzidi 18. Ukianza kuteleza au kuchanika, funga mpya ukianzia chini kwenye kifundo kwenda juu, ukiuvuta kidogo. Utepe wa milimita 1.1 humfaa mwenye vidole vifupi. Tunza risiti, kwa sababu watengenezaji wengi hutoa dhamana ya mwaka mmoja kwa aliyenunua kwa muuzaji anayetambulika. Usiku gongo lilale ndani ya nyumba, si kwenye buti la gari, na asubuhi ya mechi, kabla ya kuondoka, kijana alipitishie ukucha mwenyewe.